Mbio za Subilaga

Si mbio zote zina fimbo nyuma.

Mmeusikia msemo huo asubuhi ya leo kwa muuza vitumbua, mkacheka, kisha mkageuka kuuliza nani aliusema kwanza. Mmefanya vizuri kuuliza. Watu wengi huitumia methali kama sufuria ya kuazima, wanapikia, wanairudisha, wala hawajui iliyeyushwa wapi. Basi sogezeni mizigo yenu mkae, treni yenyewe haijafika, na ikifika hatutahitaji kuambiwa. Msemo huu ulizaliwa Itongoa, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Itongoa ni kituo kidogo cha reli katika bonde la Kilombero. Reli ilipopita pale, watu walikuja na reli. Walikuja Wanyakyusa kutoka milima yao ya Rungwe, wakaja Wahehe, Wangoni, Waluguru, wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, wote wakawakuta Wandamba, ambao walikuwepo tangu mamba wa mto ule walipokuwa mijusi. Makabila yalichanganyika mpaka majogoo wakawa wanawika kila mmoja kwa lafudhi yake, na mlevi aliyepotea njia aliweza kujua yuko mtaa gani kwa kusikiliza tu. Mvua nazo si za kusimuliwa. Mwaka mmoja kambale walipanda mpaka jukwaani, na mkuu wa kituo akawadai tiketi. Anayebisha aende akawaulize kambale.

Jambo moja tu liliwasumbua watu wa Itongoa wote: viwanja vilikuwa vyembamba. Nyumba ilikaa kwenye mgongo wa nyumba nyingine, mlango wako ukiufungua unampiga jirani. Wazee walikuwa wakisema aliyevipima hakuwa na wakwe.

Sasa hapo alipangiwa kazi afisa ustawi wa jamii mpya, Nakijwa Mshana, binti wa Kipare kutoka Gonja. Alikuwa kijana, mwenye moyo mwema na miguu isiyochoka. Kazi yake ilikuwa kuangalia kama watoto wanalelewa, wazee wanatunzwa, na nyumba hazigeuzwi ulingo wa ngumi. Chuoni alifundishwa dalili za mtu anayeonewa nyumbani kwake. Ananyamaza. Anajificha. Anakimbia. Nakijwa alizijua dalili hizo kama vidole vyake, na alikuwa ameapa moyoni kwamba hakuna mwanamke atakayeumizwa katika eneo lake huku yeye akinywa chai ofisini.

Hajamaliza hata kuzizoea njia za pale, akatembelewa na Mama Kunambi. Huyu alikuwa Mluguru, mpika maandazi, mwenye macho ambayo yaliweza kujua kilichopikwa kwa jirani bila chungu kufunuliwa.

"Afisa, mimi si mbea," akaanza, kama wanavyoanza wambea wote. "Lakini nina jirani yangu, Mzee Mwakatundu, Mnyakyusa. Mwanawe alifariki mwaka juzi, akaacha mke na watoto. Sasa yule mzee anamtesa yule mwanamke. Anampigia filimbi kama mbwa wa kuwindia, na mwanamke anatimua mbio. Zamani ilikuwa mara mojamoja. Siku hizi ni asubuhi, mchana, jioni."

"Umeona akimpiga?"

"Kipigo sijakiona. Mbio nimeziona. Mtu hakimbii vile bure, mwanangu. Na mwanamke naye amechoka, maana nimemwona kwa macho haya akimtupia mzee mabonge ya tope kule mferejini. Wewe subiri tu, siku moja utaitwa kuokota maiti."

Nakijwa hakuwa mtu wa kubeba maneno ya jirani akayafanya ushahidi. Akaenda kujionea.

Akakuta nyumba mbili za matofali zimepeana migongo, katikati pana uchochoro wa kupita mtu na kuku wake. Mbele ya nyumba ndogo alikaa mwanamke mrefu, kanga kiunoni, anapepeta mchele. Huyo ndiye Subilaga, mjane. Nakijwa akabisha hodi, akakaribishwa, akapewa kigoda. Hata salamu hazijaisha, ikasikika filimbi nyuma ya nyumba, kali na ndefu.

Subilaga aliruka. Ungo ulianguka, mchele ukatapakaa, kuku wakashukuru Mungu. Yeye alijifunika kanga kichwani, akakimbia huku ameinama mpaka migombani, akajikwaa, akainuka, akatoweka. Kidogo mzee akatokea kwenye kona ya nyumba, mrefu, koti la reli limemchakaa mabegani, filimbi inaning'inia shingoni. Akapita polepole juu ya ule mchele. Hakutazama kulia wala kushoto. Hakuuliza nani kamwaga. Akaenda zake.

Nakijwa akasimama kwa hasira. Huko alikokulia, mkazamwana humpelekea baba mkwe wake maji ya kunawa, akapiga goti, wakaulizana habari za nyumba, na mzee akatania kidogo ili kuuondoa uzito. Hivyo ndivyo alivyomwona mama yake akiishi na babu yake. Mkazamwana anayemkimbia mkwewe hivi, Nakijwa hakuwahi kumwona, na alijua sababu moja tu inayoweza kumfanya mtu akimbie hivyo ndani ya ua wake mwenyewe.

Subilaga aliporudi, goti linavuja damu, Nakijwa alimfunga kitambaa, akamuuliza kwa upole.

"Dada yangu, baba mkwe wako anakupiga?"

Subilaga akashika upindo wa kanga, akauziba mdomo, akatazama chini.

"Anakutukana? Anakunyima chakula? Niambie, nipo kwa ajili yako."

"Dada," alisema Subilaga hatimaye, kwa sauti ndogo, "uniulize mvua, uniulize watoto, nitakujibu. Yule siwezi kumsema."

Nakijwa akainuka. Hivi ndivyo alivyofundishwa: woga ukizidi, hata jina la mwonevu halitamkiki.

Akazunguka nyumba kubwa. Mzee Mwakatundu alikuwa ameketi kivulini anachonga mpini wa jembe kwa kupapasa. Akaitikia shikamoo kwa heshima, akamtafutia mgeni kiti. Alikuwa mzee wa kanisa, na miaka yake yote alikuwa mnyapara wa genge la kutengeneza njia ya reli. Alizungumza vizuri mpaka alipoulizwa habari za mjane.

"Unaishi naye vipi, mzee?"

Mzee akageuza uso. "Sura yake siijui," akasema, "wala sitaki kuijua."

Nakijwa hakuuliza tena. Moyo ulikuwa umeshafunga hesabu. Mwanamke amezaa ndani ya ukoo huo, amezika mume humo, na mzee huyu hataki hata kuijua sura yake. Siku hiyohiyo akapiga simu wilayani, akaomba gari lije Ijumaa kumchukua Subilaga na watoto wake, wakakae katika nyumba salama mjini mpaka mambo yachunguzwe. Akakubaliwa. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba pande zote mbili zisikilizwe kwanza. Akapanga kikao Alhamisi, ofisi ya kitongoji, kwa mwenyekiti.

Subilaga alipoambiwa habari ya gari alirudi kwenye ungo wake. Lakini Jumatano Nakijwa alipita njia ya mashambani, akamkuta ndani ya maji mpaka magotini, anapandikiza mpunga.

"Subilaga, keshokutwa unaondoka. Huo nani atauvuna?"

"Mpunga haujui Ijumaa, dada," alijibu, akaendelea kuchomeka miche.

"Hili ni shamba lako?"

Subilaga akaziba mdomo kwa kiganja chenye tope. Nakijwa akaangalia jembe lililolazwa tutani, mpini mpya, umechongwa vizuri na mtu asiyeona sawasawa. Alikwenda zake akiwa na kitu kinamkera kooni kama mwiba wa samaki. Mwanamke anamwogopa mzee, halafu anamlimia. Lakini mwiba mdogo humezwa kwa tonge, na tonge la Nakijwa lilikuwa lile gari. Akaumeza.

Alhamisi ikafika. Ofisi ya kitongoji ilikuwa chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja lisilo na nondo, meza yenye kitambaa cha sherehe na benchi moja. Mwenyekiti alikuwa Lipiluka, Mpogoro aliyependa vikao kuliko chakula. Watu waliomjua wanasema aliwahi kuufungulia kikao ugomvi wa bata. Mama Kunambi naye alikuwepo kama shahidi, amevaa gauni la Jumapili.

Nakijwa alimkalisha Subilaga kwenye benchi, karibu yake, akamshika mkono. "Usiogope. Leo utasema mbele yake, na hawezi kukufanya lolote." Subilaga akageuka kuutazama mlango. "Mbele ya nani?" akauliza. Nakijwa akambana mkono zaidi.

Mzee Mwakatundu aliambiwa mlangoni avue filimbi. Nakijwa ndiye aliyetoa amri hiyo tangu asubuhi: leo hakuna filimbi. Mzee akabisha, akasema ile ni ya lazima, mgambo akaichukua akaiweka mfukoni. Basi akaingia kwa kupapasa fremu ya mlango, anapepesa macho, hamjui aliyemo wala asiyekuwemo, akaenda moja kwa moja kwenye lile benchi akitafuta pa kukaa.

Subilaga akatoka dirishani.

Wapo wanaosema dirisha lile lilikuwa dogo kuliko yeye, na kwamba fundi aliyelijenga alikuja baadaye na futi kamba, akapima dirisha, akampima mwanamke kwa macho, akaondoka anatikisa kichwa. Lakini alitoka. Ilibaki kandambili moja na vumbi.

Nakijwa akageuka haraka kumkabili mzee, maneno makali yako tayari mdomoni. Mzee hakuwepo.

"Yuko wapi?"

Mwenyekiti Lipiluka, ambaye kwa nadra sana alikosa la kusema, alionyesha kidole chini. Kitambaa cha meza kilikuwa kinatikisika. Mzee Mwakatundu, mzee wa kanisa, mnyapara mstaafu, mtu aliyewahi kusimamia genge zima la wanaume wenye nyundo, alikuwa amechutama chini ya meza ya kitongoji, kitambaa cha sherehe kichwani.

"Mzee wangu," alisema Lipiluka, "toka huko. Hii ni ofisi."

"Ametoka?"

"Nani?"

"Usinitajie, mbio zake nazijua. Nauliza, ametoka?"

"Ametoka."

"Kaumia?"

"Hapana. Amekimbia kuliko treni ya abiria."

Pumzi ndefu ikasikika chini ya meza. "Ndaga," ilisema sauti ya mzee, ndiyo asante ya kwao. "Asante Mungu."

Mama Kunambi alikuwa amesimama, mkono kifuani. "Makubwa haya," akasema. "Basi na wewe mzee, yule mwanamke huwa anakupiga?"

Hakuna aliyecheka. Nakijwa alikuwa anaangalia dirisha, kisha meza, kisha dirisha tena. Dalili alizofundishwa zilikuwa zote mle chumbani. Mmoja amekimbia. Mwingine amejificha, anatetemeka, hataki hata kutaja jina. Lakini wawili hawawezi kukimbizana wote wakiwa wanakimbia. Kama kila mtu ni mkimbizwa, basi mkimbizaji alikuwa yeye Nakijwa, aliyewafungia kwenye chumba kimoja.

Alichuchumaa, akakaa sakafuni kando ya meza, gauni lake la kazi kwenye vumbi. Kisha akauliza lile ambalo alipaswa kuliuliza siku ya mchele.

"Baba, mimi ni mgeni kwenu. Kwa Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaishije?"

Kitambaa kilisogezwa kidogo. Jicho moja lenye ukungu mweupe likatokea.

"Hayo ndiyo ungeniuliza kwanza, binti yangu. Kwetu hawaonani. Mke wa mwanangu akinisikia nakuja anapisha njia, anajificha, jina langu halitamki. Asipoweza kupisha yeye, napisha mimi. Hiyo ndiyo heshima yake kwangu, na yangu kwake. Vijana wengi sasa wameiacha, wanashikana mikono na wakwe zao, wanakula meza moja. Sisemi wamekosea. Lakini yule kalelewa na mama aliyejua kulea. Tangu aolewe hajanikosea hata siku moja."

"Kwa hiyo uliposema huijui sura yake..."

"Nilikuwa namsifu. Ningeijua sura yake, huyo angekuwa mkwe wa namna gani?"

"Na filimbi?"

Mzee akagusa kope zake. "Macho," akasema. "Zamani nilimwona angali mbali, nikageuza njia kabla hajapata taabu. Sasa naona moshi tu. Hivi viwanja vyenu ni vyembamba, binti yangu, kila kona ni njiapanda. Kwenye njia ya reli, dereva asiyeona mbele anapiga honi. Mimi sina honi."

"Ndiyo maana anakimbia sana siku hizi," alisema Nakijwa polepole.

"Ndiyo maana. Namchosha. Nalijua hilo, na silali vizuri kwa sababu yake."

Mama Kunambi akaketi kwenye benchi, kimya, jambo ambalo Itongoa halijatokea tena.

Nakijwa akamwacha mwenyekiti amsaidie mzee kutoka chini ya meza, akazunguka nyuma ya ofisi. Subilaga alikuwa ameketi kwenye kichuguu, amejifunika, kandambili moja mguuni. Nakijwa akamrudishia ile nyingine. Hakumshika mkono. Akakaa pembeni yake, macho yakitazama reli.

"Nilikukosea," akasema. "Nilikuuliza mambo ambayo kwenu hayasemwi, na ulipoyanyamazia nikajijibu mwenyewe. Sasa sikuulizi habari za mtu. Nakuuliza habari za nyumba. Nini kinakunyima usingizi?"

Subilaga akaivaa. Kisha maneno yakatoka kama maji ya mfereji ukizibuliwa.

"Mfereji, dada. Mfereji wa mashamba unapita nyuma ya nyumba, una kina. Mwezi uliopita kuna mtu alikuwa anaelekea ukingoni, haoni. Nilikuwa ng'ambo. Kumwita siwezi. Kumshika mkono siwezi. Nikachota bonge la tope nikalirusha majini mbele yake, paa, ili asikie maji. Akasimama. Nikarusha jingine, akarudi nyuma. Jirani akasema namtupia yeye. Sikuweza kumjibu, maana ningejibu ningekuwa namtaja."

Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, lakini sauti ilikuwa imara.

"Wewe unataka kunipeleka mahali salama. Umefanya hivyo kwa wema, naujua wema nikiuona. Lakini nikipanda gari lako, nani atarusha tope?"

Nakijwa alipangusa uso kwa kiganja. Lakini kazi ni kazi, na moyo ukilainika macho yasilale. Akamwambia, "Nimekuelewa. Ila nina swali moja, na hili nitakuuliza kila nitakapopita, hata kwa watu wa kabila langu. Itokee siku kuna kipigo kweli, kwa mzee au kwa mtu mwingine yeyote, mimi nitajuaje, na wewe huwezi kusema?"

Subilaga akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akatabasamu.

"Utajua kwa njia nitakayoishika. Mbio za adabu zinaishia migombani. Siku hiyo nitakimbia mpaka mlangoni kwako."

Ijumaa gari la wilaya likaja kama lilivyoahidiwa. Dereva aliyetumwa kubeba mjane na watoto akakabidhiwa mzee mwenye moshi machoni, apelekwe hospitali ya mkoa, walikokuwa wamefika madaktari wa kuondoa mtoto wa jicho. Simu aliyoipiga Nakijwa kuyaeleza mabadiliko hayo ilikuwa ndefu, na mkuu wake alimuuliza mara kadhaa kama ana homa. Mzee alihitaji mtu wa kumwongoza. Subilaga hakuweza, ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Akajitokeza Mama Kunambi, begi mkononi.

"Mimi ndiye niliyeutoa mdomo," akasema, "acha sasa nitoe na miguu." Kisha akamshika mzee mkono. "Twende, babu, na huko njiani usinikimbie, mimi si mkweo."

"Ungekuwa mkwe wangu," alisema mzee, "ningepofuka mapema zaidi."

Walipokuwa huko, Mwenyekiti Lipiluka akaitisha kikao, kwa furaha kubwa. Wanaume wa kila kabila wakakata matete, wakajenga ua mrefu kando ya mfereji, na mwingine kati ya nyumba zile mbili, wenye mlango wa upande huu na mlango wa upande ule. Mngoni aliyefunga kamba alisema kwao mambo hayo yalikuwepo kwa mama mkwe. Msukuma akasema hata kwao. Jioni ile watu wa Itongoa waligundua kwamba wamekaa pamoja miaka yote, wameazimana chumvi na kuzikana, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake anaishije na wakwe zake. Waliulizana mpaka chai ikaisha.

Gari likarudi mchana mmoja wa jua, bila taarifa. Dereva hakuwa yule wa kwanza, alikuwa mgeni wa bonde lile. Nakijwa alikuwa amefika pale kumjulia hali Subilaga, na Subilaga alikuwa njiani, nje kabisa ya ua, anaanika mpunga wa akiba kwenye jamvi. Mlango wa gari ukafunguka. Mzee Mwakatundu akashuka taratibu, miwani nyeusi usoni. Akasimama, akaivua, akakinga macho kwa mkono.

Subilaga akainua kichwa, akaona. Mpunga ukaruka, jamvi likapinduka, kanga ikapanda kichwani. Migomba ikafunguka, ikafunga nyuma yake.

Nakijwa alikuwa anamtazama mzee. Aliona uso ule mkavu unavyojikunja, na macho mapya yakijaa maji. Lilikuwa jambo la kwanza la mbali ambalo macho yale yaliliona dhahiri: mgongo wa mkazamwana wake unatokomea. Mzee akageuka upesi, akaipa migomba kisogo, ili asimchoshe.

"Kanga yake nyekundu," akamwambia Nakijwa, kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimeshasahau wekundu."

Lakini dereva hakuyajua hayo. Yeye alichoona ni mzee kashuka garini na mwanamke katimua mbio kama nyumba inaungua. Akafungua mlango wake kwa hasira, mguu mmoja nje.

"Mbona yule dada anakimbia? Huyu mzee kamfanya nini? Nani anampiga?"

Mama Kunambi alikuwa bado garini, anakusanya mabegi. Akamshika dereva bega, akamrudisha kwenye kiti chake.

"Kaa, baba," akasema. "Uliza kwanza. Si mbio zote zina fimbo nyuma."